Haya na Utangulizi Wake

Mjini walimwita Msomaji, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alidhani mzee huyu ni mtu wa vitabu. Wapi! Msomaji alikuwa fundi wa viti vya magari. Banda lake lilikuwa nyuma ya soko, kati ya muuza vioo na mchomelea vyuma, na ukiingia tu ulipokewa na harufu ya gundi na vumbi la sponji kuukuu. Viti vilivyong'olewa vilisukumwa ukutani, vingine vimepasuka tumbo, na yeye alikaa katikati yao juu ya kiti cha basi kisicho na basi, miwani puani, pini mdomoni, akishona na kunung'unika.

Jina hilo lilitoka kwenye kazi nyingine, ya ujanani. Katika mashindano ya magari ya masafa marefu dereva haendi peke yake. Pembeni yake hukaa mtu anayemsomea barabara kutoka kwenye karatasi: kushoto kali, kulia pole, daraja, mlima usioonyesha mbele. Dereva huendesha kile anachosikia kabla hajakiona. Ukimsomea vibaya mmekufa wote wawili, ukimsomea vizuri anashinda yeye. Huo ndio ulikuwa mgawanyo wa kazi, na Msomaji aliueleza kama mtu anayetema kitu kichungu.

Dereva wake alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake mdogo. Huyo hakuhitaji kutambulishwa na mtu, maana alijitambulisha mwenyewe kila alipofika, hata msibani. Alijiita Bingwa. Alisema "Bingwa amechoka" pale yeye alipochoka, na "Bingwa hali vitunguu" pale alipotaka mkewe arudi jikoni akapike upya. Msomaji alikuwa amezoea, kama mtu anavyozoea jirani mwenye redio kubwa, lakini kuzoea si kupenda.

Tuutazame huo ubingwa wenyewe, maana umezungumzwa mpaka umeota kutu. Bingwa alianza kwa kuendesha gari la kiwanda cha mikate. Aliliendesha kana kwamba ameliiba, mikate ikawa inafika madukani imebondeka, na mwenye kiwanda akamtimua akimwambia kwamba mtu kama yeye hafai kubeba mikate, aende kwenye mashindano akajiue huko. Baadaye Bingwa aliyageuza matusi yale kuwa utabiri. Akawa anasema mbele za watu kwamba mzee wa mikate, mwenye jicho la kuona mbali, ndiye aliyekitambua kipaji chake.

Ubingwa wa kwanza alipewa na mvua. Waliokuwa mbele yake walinasa kwenye tope la mtoni, na yeye aliyekuwa wa nyuma kabisa akafika wakati trekta la kuvuta magari limeshaitwa, likamvusha yeye kwanza kwa sababu ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote. Ubingwa wa pili alipewa na ng'ombe. Ng'ombe huyo alijikuna kwenye kibao cha njia panda mpaka kibao kikageuka, na nusu ya madereva wakaishia kwenye shamba la mtu. Msomaji hakufuata kibao, alifuata karatasi zake. Jioni redioni Bingwa akaulizwa aliijuaje njia, akajigonga kifua, akasema ni silika.

Ubingwa wa tatu ndio uliomfanya awe vile alivyo, na ndio uliomkosesha Msomaji raha kwa miaka thelathini na ushee.

Baina yao walikuwa na neno moja. Barabara ikinyooka, hakuna kona wala daraja, Msomaji alisema, "Haya!" Maana yake mbele ni salama, kanyaga mafuta utakavyo. Ni neno fupi, na linasikika hata injini ikinguruma. Alilichagua mwenyewe, na alikuja kulijutia, kwa sababu kila anayesema lugha hii anajua kwamba haya ni aibu pia, ile inayomfanya mtu atazame chini. Kumwambia mtu "haya" na kumwambia "huna haya" ni mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa, lakini mwisho wake ni uleule.

Siku ile walikuwa wa pili kwenye kipande cha mwisho. Aliyewatangulia alikuwa kijana mrefu mwenye gari jeupe, mpole, ambaye Bingwa hakuwahi kumshinda bila mvua wala ng'ombe. Walipokata kona ya korongoni wakaliona gari jeupe limelala ubavu kando ya njia. Mwenzake alikuwa amekimbilia bondeni kutafuta watu. Kijana mwenyewe alikuwa amenaswa, mguu wake umebanwa chini ya mlango, na mkono mmoja umetoka dirishani unapunga. Bingwa akagusa breki. Gari likapunguza mwendo mpaka Msomaji akaziona kucha za ule mkono. Halafu Bingwa akatazama mbele, pale barabara ilipopanda ikiwa tupu, hakuna mtu wa kumpita, na Msomaji akaona mguu wa shemeji yake unahama.

"Simama!" akapaza sauti. "Simama, huna haya wewe?"

Bingwa akakanyaga mafuta. Gari likaruka juu ya mlima kama debe lililopigwa teke, likatua, likaenda, na mwisho wa safari watu wakawabeba mabegani. Msomaji alijinasua kwenye mikono ya watu, akawakimbilia wasimamizi akawaambia kuna mtu amelaliwa na gari kule korongoni. Walipoacha kupiga makofi wakatuma gari. Lilifika baada ya muda mrefu, na mguu haukuokolewa.

Jioni hiyohiyo mtangazaji akamwekea Bingwa kipaza sauti mdomoni. Alipata wapi ujasiri wa kuupanda mlima ule kwa kasi bila kuona mbele?

"Ni shemeji yangu," akasema Bingwa. "Aliniambia neno moja tu. Haya! Nami Bingwa, nikiambiwa haya, siulizi."

Msomaji alikuwa amesimama pale pale. Alifumbua mdomo. Dada yake akamshika mkono wa shati, akamvuta pembeni. Alikuwa ameposwa na Bingwa wiki chache tu zilizopita, na macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi na furaha.

"Kaka, tafadhali. Usiniharibie."

"Sikusema vile."

"Labda hakusikia vizuri. Unajua kelele za lile gari. Kaka, niangalie mimi."

Akamwangalia. Akafunga mdomo.

Na kweli, kelele za lile gari zilikuwa si za kawaida. Msomaji alilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Injini ilikula neno la kwanza, akajiambia. Ilikula "simama", ikala "huna", ikabakiza "haya". Shemeji yake ni mjinga, ana majivuno, anapiga chuku hata akieleza alivyovaa viatu, lakini alisikia haya akaenda. Mtu humlaumu vipi kiziwi? Kwa miaka yote hiyo aliweza kukaa naye mezani, kupokea watoto wake, kucheka na dada yake, kwa sababu ya neno moja lililoliwa na injini.

Bingwa naye hakulala juu ya lile neno. Akaliandika kwenye fulana. Akatangaza matairi nalo, kisha betri, kisha godoro, ingawa hakuna aliyeelewa godoro linahusiana vipi na mashindano. Magoti yalipomstaafisha, akafungua shule ya udereva, akaiita Haya. Msomaji aliona magari yake yakipita barabarani na neno lake ubavuni, wanafunzi ndani wametoa macho, na mwalimu wao pembeni, mzee mwenye tumbo, akiwasimulia mlima. Kila mwaka mlima ulipanda kidogo. Mwanzoni gari liliruka kimo cha mtoto. Siku hizi liliruka juu ya miti, na Bingwa alikuwa amewahi kutazamana na ndege uso kwa uso.

Viti vya magari yote ya ile shule vilishonwa na Msomaji. Na wateja wengine walikuja bandani kwake kwa sababu ya lile neno, wakimwomba aliseme. Alikataa kulisema. Lakini viti vyao alivishona.

Kijana wa gari jeupe hakuendesha tena. Alijifunza kutengeneza saa, akapata kibanda cha vioo kwenye mtaa wa benki, chembamba kama kabati, na watu wakamwita Fundi Saa. Alikaa humo, lenzi jichoni, gongo limeegemezwa mlangoni. Msomaji hakupita mtaa huo. Akiwa na shida benki alizunguka kwa nyuma, akaruka mtaro, akaingia kwa mlango wa akina mama wasafishaji. Saa yake ya mkononi, ile aliyokuwa akipimia mwendo kwenye mashindano, ilikuwa imesimama zamani, na fundi wa saa mjini alikuwa mmoja tu. Aliendelea kuivaa ikiwa imekufa. Watu wakimwuliza saa ngapi, alitazama jua.

Walikutana ana kwa ana mara moja, kwenye mazishi ya mzee wa mikate. Fundi Saa alimtazama kwa utulivu, bila chuki, kama anayetazama saa iliyoletwa.

"Wewe ndiye uliyesema haya," akamwambia.

Hakuwa anauliza. Kabla Msomaji hajapata neno, Bingwa akawafikia amefungua mikono, akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, akisema, "Vijana wangu!" Fundi Saa akajitoa taratibu, akashika gongo lake, akaondoka. Tangu siku hiyo Msomaji alitaka kitu kimoja tu duniani, kwamba yule mtu ajue hakusema vile. Alishindwa kwa sababu kujitakasa yeye kulimaanisha kumpaka shemeji yake matope kwa kosa la masikio, na kumvunjia dada yake nyumba. Ndivyo alivyojieleza. Alikuwa na maelezo mengi kwa mtu mchache wa maneno.

Sasa baraza la mji likaamua kupamba mzunguko mkubwa wa barabara, pale zinapokutana njia nne. Wangeweza kupanda maua. Badala yake wakajenga nguzo ya zege, wakaweka juu yake gari bovu lililopakwa rangi mpya, na chini wakachora kwa herufi nyekundu zenye kimo cha mtu: HAYA! Bingwa alikuwa ameingia na kutoka ofisi za baraza mwaka mzima mpaka wakamkubalia ili wapumue.

Dada yake akaja bandani siku mbili kabla ya sherehe, amebeba mfuko.

"Kaka, ovaroli yake ya ushindi imegoma kuingia."

"Imegoma yenyewe, au yeye ndiye amegoma kuacha kula?"

"Usianze. Ataivaa jukwaani. Ipanue kidogo."

Msomaji akaikunjua juu ya meza. Ilikuwa imefifia, na harufu yake bado ilikuwa ya petroli. Akaweka mkono wake palipokuwa pa tumbo, kisha akawaza tumbo lenyewe lilivyo leo.

"Kidogo?" akasema. "Dada yangu, hapa napanua chumba na sebule."

"Kaka." Dada yake alicheka kidogo, kisha akaacha. "Watakupa kipaza sauti. Wanataka uliseme lile neno. Na yule wa saa naye amealikwa, Bingwa anataka amvishe fulana mbele ya watu. Liseme tu, liishe. Sisi tumeshazeeka."

"Ataitwa yule mtu avishwe fulana yenye hilo neno?"

"Ni heshima, kaka."

Msomaji alimtazama dada yake mpaka dada yake akaanza kuchezea sponji. Halafu akachukua mkasi. Akachana ovaroli ubavuni, akatia vipande vya ngozi nyeusi vilivyobaki kwenye viti vya basi, akavipitisha kwenye cherehani. Alipomaliza, ovaroli ya Bingwa ilikuwa imeshonwa kama kiti cha abiria watatu.

Siku ya sherehe walimpa Bingwa stoo ya baraza abadilishie nguo, nyuma ya jukwaa, kati ya viti vya plastiki na ndoo za rangi. Ovaroli ikaingia mpaka kiunoni, kisha zipu ikatoa sauti moja ndogo ikafa. Msomaji akaitwa aje na sindano yake kubwa ya kushonea magodoro. Akapiga magoti, akaanza kuufunga ubavu wa shemeji yake kwa mkono, akiwa amevaa fulana ya shule aliyolazimishwa na dada yake, ile nyekundu.

"Vuta pumzi."

"Nimevuta."

"Vuta kweli, usinidanganye."

Nje muziki ulikuwa umeanza. Wanafunzi wa udereva walikuwa wakiimba lile neno. Bingwa alikuwa na furaha, jasho limemtoka, mikono juu kama mtu anayepekuliwa.

"Shemeji," akasema, "leo ukipewa kipaza sauti, sema kile kifupi tu. Usije ukaniongezea ule utangulizi wako."

"Utangulizi gani?"

"Si ule wa 'huna'."

Sindano ikasimama. Msomaji hakuinua kichwa. Mbele ya uso wake palikuwa na ile ngozi nyeusi ya basi, na aliona mishono yake mwenyewe, iliyonyooka, mizuri.

"Ulisikia," akasema.

"Nitaachaje kusikia? Ulipiga ukelele kama mtu aliyeporwa sokoni. Simama, simama!" Bingwa akamwigiza kwa sauti nyembamba, tumbo likacheka peke yake. "Lakini shemeji, tuseme ukweli. Tungesimama pale, leo tungekuwa nani?"

"Angekuwa na mguu."

"Nani?"

Aliuliza kweli. Hakuwa na dhihaka wala hila, alikuwa ametazama mlangoni muziki ulikokuwa ukitokea, na kwa muda ule hakukumbuka. Msomaji akaichomoa sindano. Hakufunga fundo. Aliukata uzi kwa meno akainuka, magoti yakimlia, na akahisi anamchukia mtu huyu kwa chuki safi kabisa, isiyo na vumbi, kama ndiyo kwanza wanakutana. Kilichomuuma zaidi ni ile injini. Kwa miaka thelathini na ushee aliibebesha injini ya watu kosa lisilo lake.

"Tayari?" akauliza Bingwa.

"Tayari."

Jukwaani walipanga viti vitatu. Bingwa akakalia cha kati, akaacha mapaja yake yavuke mipaka pande zote. Msomaji akakaa kulia kwake, Fundi Saa kushoto, mguu wa bandia ameunyoosha mbele kwa sababu haukukunjika vizuri. Mwenyekiti wa baraza akahutubia. Bingwa akahutubia. Siku hiyo gari liliruka kuliko siku zote, likakaa angani mpaka akapata wasaa wa kuwafikiria wazazi wake. Kuhusu gari jeupe alisema kwamba mwenzetu hapa alipata ajali kidogo siku hiyo, lakini leo tuko naye, makofi tafadhali. Wakapiga makofi. Fundi Saa hakuinua uso.

Kisha mshereheshaji, kijana mwenye koti linalometa, akamwendea Msomaji.

"Na sasa, mabibi na mabwana, mtu mwenyewe! Kinywa chenyewe! Baba, tunakuomba, utuambie leo, vilevile ulivyosema siku ile. Usipunguze, usiongeze. Tunahesabu wote, moja, mbili..."

Wanafunzi wakasimama, ngumi juu, wakisubiri kulidaka neno. Dada yake alikuwa safu ya mbele, mikono imefumbatwa mapajani, akimtazama vilevile alivyomtazama siku ile ya vumbi. Msomaji akamwangalia. Safari hii mdomo haukufungika.

"Nilisema hivi," akasema, na vipaza sauti vikaipeleka sauti yake mpaka madukani. "Simama. Simama, huna haya wewe?"

Watu wakavunjika mbavu. Walidhani ni kichekesho bora kuliko vyote vilivyowahi kutolewa na baraza. Mshereheshaji akajipiga paja. Bingwa mwenyewe akacheka kuliko wote, kwa macho makavu yasiyocheka, akampokonya mshereheshaji kipaza sauti.

"Shemeji yangu mcheshi huyu! Vijana, tuwaonyeshe wanavyosema mabingwa. Semeni na mimi!" Na akainua mikono yote miwili juu, kama alivyozoea kuinua kikombe. "Ha..."

Uzi usio na fundo ukatoka. Ulitoka taratibu mwanzoni, kisha wote kwa pamoja, kutoka kwapani mpaka kwenye nyonga, na tumbo la Bingwa likaja nje kuangalia mji, likifuatwa na chupi ya bluu ambayo mkewe peke yake ndiye aliyestahili kuijua. Hakugundua upesi. Aliendelea kusimama ameinua mikono, akingoja neno lake lirudi. Mama mmoja muuza mboga, aliyekuwa na mtoto mgongoni na hana habari ya mashindano yoyote, akapiga kelele kutoka nyuma.

"Mzee mzima! Huna haya?"

Hapo ndipo vijana waliposhika wimbo. Waliokuwa wamejiandaa kusema neno moja wakasema mawili, na yalikuwa na mdundo mzuri zaidi. Huna haya! Huna haya! Waliruka nayo, fulana nyekundu zikiruka nao, nao walikuwa hawajui wanasema nini, walikuwa wanafurahi tu. Bingwa akatazama chini, akauona ubavu wake. Mkewe akapanda jukwaani na kanga yake, akamfunga kiunoni, akamwongoza kuelekea stoo. Alipita mbele ya kaka yake. Hakuwa na hasira usoni. Alionekana amechoka sana, kama mtu aliyetua mzigo na bado hajanyoosha mgongo.

Jukwaani vikabaki viti viwili vyenye watu. Kelele zilikuwa nyingi, na Fundi Saa akalazimika kuinama kuvuka kiti kitupu.

"Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo nilivyosema."

"Yote? Na simama?"

"Mara mbili."

Fundi Saa akasugua goti juu ya mguu wa bandia. Alikuwa akilipanga upya jambo kichwani, kipande kwa kipande, na Msomaji akamngoja kama kijana aliyeposa anavyongoja jibu. Hapa ndipo alipotaka kufika.

"Yeye alisikia?"

Asubuhi ile, kabla ya sindano, angejibu kwamba injini ilikula.

"Alisikia. Ameniambia leo."

Fundi Saa akatikisa kichwa polepole, akikubali. Hakuonekana kushangaa. Akayatazama yale maandishi mekundu kwenye zege, kisha akaitazama ile fulana nyekundu kifuani mwa Msomaji, akazisoma herufi zake moja moja, kama mtu anayejifunza kusoma. Kisha akainua macho.

"Na wewe ulijua ulichosema," akasema kwa upole. "Miaka yote hii. Kibanda changu kipo palepale mtaa wa benki, na nakuona ukiruka ule mtaro." Akavuta gongo lake. "Basi nawe huna haya."

Msomaji alitafuta maelezo yake yote mengi, ya dada, ya injini, ya nyumba ya watu. Halikuwapo hata moja. Tangu aache kusoma barabara hakuwahi kusomewa mwenyewe kwa usahihi namna hiyo.

"Kweli," akasema.

Fundi Saa akajikusanya, akaegemea gongo, akasimama. Akamtazama kidogo tena, yeye na saa yake iliyokufa mkononi.

"Haya," akasema, na akashuka ngazi kwenda kufungua kibanda chake cha saa.